Nyumba ya Maundu Asiyezaliwa

Hii ninayotaka kuwapa hamtaiamini, na sitawalaumu. Niliwahi kuisimulia stejini ya magari ya Kathiani mbele ya wanaume wanane, wote watu wa heshima zao, na nilipomaliza kila mmoja alilipa chai yake akaniachia yangu. Ni habari ya mwanamke aliyetolewa katika nyumba ya kodi nafuu hapa Machakos kwa sababu mumewe, ambaye hakuwahi kuzaliwa, hakuja kutia sahihi.

Haya, cheka. Ukimaliza, vuta kiti.

Mwanamke mwenyewe anaitwa Kamanthe. Yuko hapa mbele yangu ninapoandika, mwaka huu wa 2006, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, anapepeta. Chumba ni kimoja. Kitanda kiko upande ule, jiko la makaa upande huu, na mimi niko katikati na meza ambayo mguu wake mmoja umewekewa tofali. Nilipomwambia nataka kuandika maisha yake yasije yakapotea, hakuuliza yatasomwa na nani. Alisema, "Andika, mjomba. Lakini kila ukurasa unisomee. Ulishaniandika mara moja bila kunisomea."

Basi kila ukurasa namsomea. Yeye hanijibu. Mimi ni mjomba wa mumewe, na kati ya mtu kama mimi na mke wa mpwa kuna ile heshima tunayoita nthoni. Hawezi kuniambia uso kwa uso kwamba nimedanganya. Ila nimemjua. Nikisoma kitu asichokipenda, ungo unapunguza mwendo. Hapo nakata mstari naandika upya.

Sasa, wanaoijua Machakos ya zamani wanazijua nyumba za Bodi, ile bodi ya makazi ya mji. Safu kumi na mbili za matofali na mabati mekundu, kila mlango chumba kimoja na jiko nyuma, bomba la maji katikati ya ua. Zilijengwa kwa ajili ya wafagiaji, wapishi na matarishi, na kodi yake ilifungwa kwa sheria. Mwenye ploti wa kawaida akiamka vibaya Jumatatu, Jumanne kodi imepanda. Bodi haikuweza. Ile miaka ambayo chumba cha kuvuja huko chini kilikuwa elfu moja na mia nane, pale kwa Bodi ulilipa mia nne na hamsini, na bati likingʼoka unaandika barua, fundi anakuja kupigilia. Ndiyo maana kulikuwa na daftari la wanaosubiri mlango, na watu walizeeka ndani ya daftari hilo. Namjua mmoja aliyejiandikisha akiwa kijana wa kucheza mpira. Barua ya kumwita ilipofika ilisomwa matangani mwake.

Dada yangu mkubwa, Nzembi, alipata mlango mwaka wa 1974. Safu ya saba, mlango wa tatu. Alikuwa mfagiaji wa soko, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ngʼombe ngʼambo ya mto. Mungu hakumpa mtoto. Mume alivumilia miaka sita, kisha akasema anakwenda Mombasa kununua mashine ya kushona. Mpaka leo tunangoja hiyo mashine.

Sisi Wakamba tuko na njia yetu kwa jambo kama hilo. Mwanamke asiye na mwana anaweza kuoa. Anapeleka mbuzi wa ntheo, wale wanaofunga ndoa, kama vile mwanamume angepeleka, na analeta msichana nyumbani. Msichana huyo anakuwa mke wa mwana wa yule mama. Mwana yupi? Yule ambaye hakuzaliwa. Anapewa jina kana kwamba yuko, na watoto msichana atakaozaa na mwanamume amtakaye wanakuwa wa mwana huyo, wanaitwa kwa jina lake, wanarithi shamba lake. Tunaita iweto. Wamisheni waliikemea mpaka wakachoka wakaenda kwao, nayo ikabaki.

Mwaka wa 1986 Nzembi alipanda milima ya Kathiani na mbuzi sita wanene, na mimi nikiwa msemaji wake.

Ungo umepunguza mwendo. Haya. Walikuwa watatu, na mmoja alikuwa akikohoa.

Kamanthe alikuwa na miaka ishirini na mtoto wa mgongoni, Mutanu, ambaye baba yake alikuwa ameruka ukuta. Nyumbani kwao walikuwa tisa na chakula cha watu wanne. Mwana wetu asiyezaliwa tulimpa jina la marehemu baba yetu, Maundu. Wazee wakamwita msichana, wakamweleza yote, wakamuuliza kama anakubali kuwa mke wa Maundu. Aliuliza swali moja tu.

"Huyo Maundu nikimkosea, atanipiga?"

Nzembi akasema, "Mwanangu, Maundu hajawahi kumpiga mtu."

"Basi nimekubali."

Wazee walicheka mpaka mmoja akadondosha jino. Yeye hakucheka. Alichukua mtoto wake, akachukua kinu cha bibi yake kilichochongwa kwa mti mgumu, wakashuka Machakos.

Kinu hicho ndicho kilichowalisha. Kamanthe ni mtwangaji wa muthokoi, yale mahindi yetu yanayolowekwa kidogo yakatwangwa mpaka ganda linatoka, yakaanikwa, yakapepetwa. Kila alfajiri ungesikia pale uani safu ya saba: du, du, du. Majirani waliamkia mlio huo kwenda kazini. Nyumba za Bodi zilikuwa na ua wa saruji na kuta nene, na hakuna aliyelalamika. Akishatwanga alipeleka sokoni, akauza kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, na gorogoro yake alijaza mpaka ikawa na kilima juu. Watu wa ofisini waliacha muthokoi wa wengine wakamngoja yeye. Mwaka wa 1989 akapata mvulana, Ngui. Shuleni waliandikwa Mutanu Maundu na Ngui Maundu. Dada yangu akazeeka vizuri, na wajukuu kila upande wa sketi.

Hapo sasa ndipo fomu inapoingia.

Mwaka wa 1991 Bodi ilishuku kwamba watu wanakodisha milango yao kwa watu wengine kwa bei ya juu, na ilikuwa kweli, wengine walikuwa wanaishi Nairobi na kula kodi ya Machakos. Zikaletwa fomu. Kila mpangaji aeleze nani anakaa naye, na akifa nani atarithi mlango. Dada yangu hakujua kuandika, lakini kwa nini ajue na mimi niko? Nilisoma mpaka darasa la sita na nusu, na hiyo nusu ilikatwa na karo, haikukatwa na akili. Kutoka Kathiani mpaka Mitaboni watu waliniita Karani. Barua za posa, barua za kuomba kazi, barua za kumwambia mtu wa Mombasa arudi nyumbani, zote zilitoka kwenye kalamu hii. Herufi yangu ya M ilikuwa na madaha, unaweza kuifuga.

Tukafika mahali pa mrithi. Nzembi akasema, "Andika Kamanthe."

Nikamwambia, "Dada, unataka wazee wa Bodi waone mwanamke amerithiwa na mwanamke, wacheke mpaka waanguke? Mke anaandikwa nyuma ya mume. Wacha hii mambo kwa mtu wa shule."

Nikaandika: Maundu, mwana wa pekee. Umri, ishirini na minane. Halafu fomu ikauliza kazi. Nafasi tupu kwenye karatasi huniuma kama jino. Nikatafakari, nikaona kazi ya heshima, isiyo karibu sana wala mbali sana. Nikaandika: Mpiga ishara wa reli, stesheni ya Konza. Na kwa kuwa mstari haukujaa, nikaongeza: mtu wa nidhamu.

Kamanthe alikuwa uani, akitwanga. Alisimama na mchi mkononi akauliza kwa mlango, "Mjomba, umeandika nini hapo?"

"Mambo ya ofisi," nikamwambia.

Akarudi kwa kinu. Kwenye fomu nzima jina lake halikuwepo. Nilipanga kuliandika nyuma ya la mume, lakini pale nyuma ya mume nilikuwa nimeweka nidhamu.

Miaka ikapita. Ikaja mvua kubwa ya mwisho wa tisini na saba, ile iliyobeba madaraja. Nzembi alishikwa na kifua, akakaa wiki mbili, akaenda. Tulimpeleka Kathiani kwa trekta kwa sababu gari halingepita, jeneza limefunikwa nailoni, na Kamanthe akitembea nyuma kwenye matope hayo akiwa ameshika viatu vya marehemu mkononi. Sijui ni kwa nini alibeba viatu. Sikumuuliza.

Mwezi wa pili, barua ya Bodi. Mrithi afike ofisini katika siku thelathini, la sivyo mlango unarudi kwenye daftari.

Nilimsindikiza. Ofisi ya nyumba ilikuwa na karani mmoja mwembamba, Bartholomew, miwani imefungwa uzi mahali pa mkono. Alitoa faili, akalipangusa vumbi, akasoma kwa kidole.

"Wewe ni nani yake marehemu, mama?"

"Mimi ni bibi ya mwana wake."

"Huyo mwana ndiye Maundu?"

"Ndiye."

"Vizuri sana." Akafurahi kweli, unajua karani akikuta faili lililojaa. "Hii iko sawa kabisa. Maundu aje na kitambulisho, aweke sahihi hapa na hapa, nyumba ni yake. Hata leo kabla ya chai."

Kamanthe akapaangalia pale pa sahihi.

"Ama hajapata ruhusa ya kazi? Konza si mbali. Apande gari asubuhi, saa sita amerudi kwa reli yake."

"Konza?" Kamanthe akauliza. Ndiyo mara ya kwanza aliposikia kwamba mumewe yuko na kazi.

"Si hapa imeandikwa? Mpiga ishara. Mtu wa nidhamu."

Kamanthe aligeuza shingo akaniangalia. Mimi nilikuwa mlangoni nikisoma kalenda ya mwaka uliopita. Akageuka tena.

"Maundu hayuko," akasema.

"Amekufa? Pole."

"Hajazaliwa."

Bartholomew akavua ile miwani. Mwanzoni nilidhani atatufukuza. Kisha akainama juu ya meza, akauliza polepole kwa Kikamba, sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa, "Iweto?"

Kamanthe akaitikia kwa kichwa.

"Hata susu, nyanya yangu kule Kangundo, alioa," Bartholomew akasema. "Huyo mke wake ndiye alinilea. Kwa hivyo nyumbani naelewa, mama, usifikiri sielewi. Lakini hapa ni ofisini. Faili inasema kuna mtu, yuko na miaka, yuko na kazi, yuko na tabia nzuri. Siwezi kumtoa kwa kupuliza. Kama mahali hapa pangekuwa na jina lako, ningekupa ufunguo sasa hivi. Kama pangekuwa hakuna kitu, ningeita majirani wakushuhudie. Lakini pako na Maundu."

"Sasa nifanye nini?"

"Njia ni mbili. Cheti cha kifo cha Maundu. Ama huyo mtu aliandika fomu aje mbele ya kamati ya Bodi, aape, aseme hii niliandika ya uongo, mke wa nyumba ni huyu. Faili itasahihishwa."

Nikauliza kutoka pale mlangoni, kama mpita njia, "Na huyo mtu watamfanya nini?"

"Watamgombeza. Jina lake litabandikwa kwa ubao huko nje mwezi mmoja, kwamba ametoa habari za uongo. Basi. Hawafungi mtu." Akaiangalia fomu tena. "Ni nani aliandika? Mwandiko ni mzuri ajabu."

Kidogo nimshukuru.

Ubao huo ulikuwa ukutani, unatazama soko. Kila mtu wa Kathiani aliyeshuka mjini alipita chini yake. Nilipita chini yake nikitoka, nikauona ulivyo mpana.

Nje Kamanthe aliniuliza jambo moja, macho chini, sauti ndogo. "Mjomba, hiyo siku ya kamati utakuja?"

"Mimi? Jogoo atanikuta hapo."

Lakini nilisema tuanze na njia ile nyepesi. Maundu afe. Nikampeleka kwa chifu wetu, Wathome, mtu mnene mwenye kuongea akiwa amefumba macho.

"Unataka barua ya kifo," chifu akasema. "Alikufa lini?"

"Chifu, tunaweza kuelewana juu ya tarehe."

"Alizikwa wapi?"

"Hapo pia tunaweza kuelewana."

Akafumbua jicho moja. "Erastus, nionyeshe kaburi."

"Hana kaburi, chifu. Hajazaliwa."

"Basi akizaliwa, akikua, akifa, umlete. Mimi nitakuwa nimestaafu, lakini utapata mwingine." Akamgeukia Kamanthe, na sauti ikabadilika. "Mama, huyu mzee wako aende aseme ukweli. Hiyo ndiyo barua unahitaji. Mimi siwezi kuandika ingine."

Kamanthe alisema asante. Tukarudi, yeye hatua tano nyuma yangu kama heshima inavyotaka, na nilihisi zile hatua tano mgongoni njia nzima.

Siku zilizobaki alizitumia kutafuta chumba, ikiwa kamati itakataa. Alikuwa akitoka sokoni saa nane na kuzunguka mpaka jua linalala. Nilienda naye mara mbili tatu, nikaona.

Cha kwanza kilikuwa nyuma ya machinjio. Mwenye ploti aliuliza ana watoto wangapi. Wawili. "Ni wengi, mama. Kwangu natakanga mmoja." Akasema kama vile mwingine unaweza kumrudisha dukani.

Cha pili kilikuwa kizuri, kina dirisha. Mwenye nyumba akaona kinu kwenye maneno kabla hajakiona kwa macho. "Unatwanga? Saa kumi na moja asubuhi? Hapana. Hii ukuta ni ya udongo na saruji ya kupaka. Ukitwanga wiki moja utalala nje na mimi nilale nje."

Cha tatu, cha nne, cha tano, vyote vilikataa kinu. Chumba kilichokubali kinu kilikataa bei yake. Kamanthe alianza kutembea akiwa amefunga midomo, akihesabu vyumba kwa vidole vya mkono wa kushoto, na mkono ulipoisha aliacha kuhesabu.

Cha mwisho kilikuwa kwa Bi Mwanaasha, mama mmoja Mwislamu wa mtaa wa Mjini ambaye familia yake ilifanya biashara ya vitambaa tangu kabla mimi sijavaa suruali. Alikuwa mnunuzi wa muthokoi wa Kamanthe miaka mingi. Alitukaribisha, akatupa maandazi na chai, akafungua chumba cha uani. Sakafu safi, mlango mzito.

"Kinu mimi sikiogopi, Mama Mutanu," akasema. "Mama yangu alitwanga humu humu. Twanga mpaka uchoke."

"Na kodi, Bi Mwanaasha?"

Bi Mwanaasha akashika ufunguo kwa mikono miwili. "Ingekuwa ni mimi, tungeelewana. Lakini ploti hii sasa ni mwanangu Nurudin analipia mkopo. Amesema elfu moja na mia sita, na amesema nisimpunguzie mtu, maana ananijua."

Kamanthe alikaa pale kwenye mkeka na andazi mkononi bila kulila. Nilimwona akipima gorogoro kichwani, ngapi kwa siku, ngapi kwa mwezi, na kilima cha juu akikiondoa, halafu akikirudisha kwa sababu bila kilima wateja watatoka.

"Ile ya Bodi usiiachie, mwanangu," Bi Mwanaasha akasema. "Nyumba kama ile ukitoka mguu mmoja, mwenzio ameingia na miwili. Hakuna mtu wa kukusemea?"

"Yuko," Kamanthe akasema. "Mjomba atanisemea."

Bi Mwanaasha akaniongezea chai.

Sasa nitawaambia mwisho kabla ya mwisho, msije mkangoja bure. Nyumba ilienda. Ilimwangukia tarishi mmoja aliyekuwa amesubiri ndani ya daftari miaka kumi na tisa. Walikuja na mkokoteni siku ile ile Kamanthe anatoka na wake, na mke wa tarishi alilia kwa furaha kwenye kizingiti ambacho Kamanthe alikuwa amekisugua asubuhi. Alikisugua, ndiyo, akijua. Huwezi kuwachukia watu wale. Kamanthe aliwaonyesha bomba linalovuja na namna ya kulifunga na kitambaa.

Tangu hapo amehama mara tano. Mara ya kwanza kodi ilipanda, mara ya pili ikapanda, mara ya tatu mwenye ploti alitaka kujenga ghorofa, na hizo nyingine nimesahau. Hakuna hata mmoja aliyeruhusu kinu. Muthokoi anaupeleka mashine ya kusaga pale chini, inakoboa kwa dakika mbili, na mahindi yanatoka yamevunjika na yananuka mafuta. Wateja wake wa ofisini walionja, wakalipa kwa adabu, hawakurudi. Mutanu aliacha shule kidato cha pili, akaenda kushona viwandani Mavoko, huja na nauli ya kurudia tu. Ngui tulimpeleka Kathiani akae kwa mama yake mdogo, kwa sababu chumba cha wakati ule hakikutaka hata huyo mmoja. Mvulana aliyezaliwa kwenye safu ya saba alikulia kwa watu. Na kinu ndicho hiki amekalia. Kimepasuka ukingoni kwa kukaa kikavu. Ni kiti kizuri, imara.

Ungo unakwenda sawasawa. Hayo yote ni kweli, hana la kukata.

Imebaki siku ya kamati. Naomba msome hapa kwa makini, maana kuna watu mjini hapa wamesema mengi juu yangu na wengine hawajui hata kuandika majina yao. Ilikuwa Alhamisi. Niliamka mapema, nikavaa koti la marehemu baba, lile la vifungo vya pembe, nikapaka viatu mafuta. Wazee wa kamati walikuwa watano, meza imetandikwa kitambaa cha kijani. Bartholomew alikuwa pembeni na faili. Kamanthe alisimama mbele yao amefunga leso ya Nzembi kichwani, akaeleza mambo yake kwa maneno machache, jina lake, miaka kumi na miwili ndani ya nyumba ile, watoto wawili, kinu. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, na nawaambia uso wake ulikuwa umelainika. Akasema, "Mama, tunakuamini. Lakini karatasi hii haiwezi kusahihishwa na wewe. Aliyeiandika yuko hapa?"

Ungesikia nzi akikanyaga.

Basi nikasimama. Nikavua kofia. Nikasema, "Wazee, mimi Erastus, ndiye niliyeandika, Maundu hayuko na hakuwahi kuwa Konza, jina langu libandikeni mnapotaka, lakini mwanamke huyu msimguse," na nilisema kwa sauti ambayo kalamu ya Bartholomew ilianguka yenyewe, mwenyekiti akainuka kutaka kunishika mkono, na kule sokoni watu waliacha kupima mahindi wakaulizana ni nani huyo anayeongea ndani ya ofisi kama

"Mjomba."

Ungo umenyamaza.

"Nilikuona kwa dirisha," Kamanthe anasema. "Ulikuwa umevaa hilo koti, kweli. Ulikuwa ngʼambo, kwa kibanda cha chai. Mwenyekiti aliuliza mara tatu, na mara zote tatu niliangalia mlango. Futa hapo. Andika hukuvuka barabara."